Kuirudisha sura kutoka kwenye fuvu: mwongozo kwa mchongaji anayeanza

Vijana wa uchongaji na uchoraji wa Mbeya, Iringa na Njombe huuliza mambo yaleyale kila mara. Udongo gani unafaa? Unene wa nyama unajulikanaje wakati nyama haipo? Nywele je? Lazima niwe daktari? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe. Nadharia tumeipunguza, kwa sababu kazi hii hujifunzwa mikononi.

Jambo moja tu ulishike kabla ya kuanza: sura utakayoiunda ni tangazo, si ushahidi. Inawekwa mbele za watu ili mmoja wao aseme "huyu kama namfahamu", na polisi wapate jina la kuanzia. Kuthibitisha kwamba ni yeye ni kazi ya vinasaba, meno au picha za eksirei. Huko Cardiff, Uingereza, mwaka 1989 mafundi wa ujenzi walikuta mifupa ya msichana ndani ya zulia lililofukiwa. Mchongaji Richard Neave akaiunda sura yake kwa udongo, picha ikatangazwa, wafanyakazi wa ustawi wa jamii wakamtambua Karen Price. Hata hivyo kesi ilisimama juu ya rekodi za meno na vinasaba vilivyotolewa kwenye mfupa. Hapa kwetu vipimo vya vinasaba hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Wana Iringa wana mfano wa karibu zaidi. Fuvu la Mtwa Mkwawa lililoko makumbusho ya Kalenga lilirudishwa kutoka Bremen mwaka 1954. Twining, gavana wa Tanganyika wakati huo, alilichagua kati ya mafuvu mengi kwa kulinganisha uwiano wa upana na urefu wa kichwa na ule wa ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai, pamoja na tundu la risasi. Vipimo vya namna hiyo hupunguza idadi ya wanaowezekana. Havitaji jina, na ndiyo maana wapo wanaobishana mpaka leo.

Fuvu halisi usiliguse

Mazoezi yote hufanyika kwenye nakala. Hata kwenye kesi ya kweli, mchongaji hupewa nakala ya plasta au iliyochapwa kwa printa ya 3D, kwa sababu fuvu lenyewe ni kielelezo cha kesi, na gundi na mafuta ya udongo huliharibu. Ukikuta mifupa ukichimba msingi au ukilima, usiisogeze, usiioshe, usiipige picha za kurusha kwenye makundi. Weka alama mahali hapo, mwite mtendaji wa kijiji au mtaa, piga polisi 112.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Nakala ya fuvu la mtu mzima yenye taya la chini linalotenganishika. Mafuvu ya plastiki ya bei rahisi mara nyingi yana meno yaliyoungana kama ukuta, na kile kijimfupa chenye ncha chini ya tundu la pua hakipo. Fuvu la aina hiyo litakufundisha kupachika vigingi (vijiti vya kuonyesha unene wa nyama) tu, pua hutaijua.
- Ubao wa sentimita 30 kwa 30, bomba la chuma la nusu inchi lenye urefu wa sentimita 35, na flenji ya kulikazia.
- Plastisini ya mafuta, kilo 3 hadi 4.
- Vijiti vya mishikaki vyenye unene wa milimita 3, au raba nyembamba za duara.
- Vernia yenye kusoma nusu milimita. Rula peke yake haitoshi.
- Mipira miwili ya mbao ya milimita 24 hadi 25 kwa ajili ya macho. Fundi wa kukereza atakutengenezea. Gololi za watoto ni ndogo mno, na mpira wa tenisi ya mezani una milimita 40.
- Gundi ya supaglu, wembe, msasa laini, vanishi, kalamu ya wino usiofutika, pima maji ndogo.
- Vyombo vya kuchongea: kijiko cha chai, kisu butu, na waya wa spoki ya baiskeli uliokunjwa kitanzi. Chupa ya soda itakusaidia kusukumia udongo kama unavyosukuma chapati.

Kuhusu udongo, swali hili haliishi. Udongo wa mfinyanzi, hata ule mzuri wanaoufinyanga akina mama wa Kikisi kule Ikombe, kwa kazi hii haufai. Kila udongo wa maji husinyaa unapokauka, na fuvu lililo ndani halisinyai. Nyufa huanza kwenye paji la uso ambako udongo ni mwembamba, na zile milimita ulizozipima kwa jasho zinapotea. Plastisini ya mafuta haikauki, na utaitumia tena kazi nyingine ijayo.

Hatua za kazi

1. Soma ripoti kwanza. Kwenye kesi ya kweli, mtaalamu wa mifupa hukuandikia jinsia, umri wa kukadiria, kimo na majeraha. Jinsia husomwa vizuri zaidi kwenye nyonga kuliko kwenye fuvu, kwa hiyo usijifanye mjuzi kwa kutazama kichwa peke yake. Uliza na vitu vilivyokutwa na mwili: ukubwa wa shati, namba ya kiatu, mkanda. Tundu la mkanda lililochakaa linaeleza kiuno cha mtu kuliko mfupa wowote wa uso. Kwenye mazoezi, jiandikie ukurasa mmoja wa ripoti na uufuate bila kuubadilisha katikati.

2. Panga meno na taya. Mtu aliyetulia hakazi meno. Bandika kipande cha raba cha milimita 2 hadi 3 kwenye kila kiungo cha taya, kisha acha nafasi kama hiyo kati ya magego ya juu na ya chini. Ukikaza meno, uso mzima unakuwa mfupi na kidevu kinasogea mbele. Angalia pia matundu ya meno yaliyokosekana. Tundu lililo wazi lina maana jino lilidondoka baada ya kifo, basi lirudishe kwa nta. Ukikuta mfupa umejifunga na kubonyea, mtu huyo aliishi bila jino hilo. Usimpe jino asilokuwa nalo.

3. Pachika kwenye stendi na usawazishe. Bomba liingie kwenye tundu kubwa la chini ya fuvu, ulikaze kwa sponji au vitambaa. Kisha hakikisha ukingo wa juu wa tundu la sikio na ukingo wa chini wa tundu la jicho viko kwenye mstari mmoja wa ulalo. Tumia pima maji. Kichwa kikiinama nyuzi chache tu, pua na kidevu vyote vitakudanganya. Piga picha za mbele na za pembeni, ukiwa na rula ndani ya picha, na simu ikiwa umbali wa mita 1.5 hadi 2. Picha ya karibu huvimbisha pua na kuficha masikio.

4. Kata na bandika vigingi. Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Kigingi ni kijiti kinachoonyesha unene wa nyama mahali fulani pa uso. Mfumo unaotumika sana una sehemu 21: kumi katikati ya uso na kumi na moja pembeni. Za pembeni huwekwa kushoto na kulia, kwa hiyo jumla ni vigingi 32. Nakala ya plasta ipake vanishi mara mbili kwanza, la sivyo itanyonya mafuta ya plastisini na udongo utabanduka.

   Vipimo huchukuliwa kwenye majedwali yaliyochapishwa. Yapo ya Wazulu ya mwaka 1996, ya wanawake weusi wa Afrika Kusini ya mwaka 2011, na ya Wamarekani weusi ya mwaka 1980. Upo pia wastani uliokusanywa kutoka tafiti nyingi na Carl Stephan na Ellie Simpson mwaka 2008. Kwa mazoezi, mtu mzima wa unene wa kati, anza na makadirio haya ya milimita (sehemu zilizobaki zitoe kwenye majedwali):

   - kati ya nyusi: 5.5
   - mzizi wa pua: 6.5
   - ncha ya mfupa wa pua: 3
   - katikati ya mdomo wa juu, chini ya pua: 11
   - mbonyeo wa chini ya mdomo: 11
   - mbele ya kidevu: 11
   - chini ya kidevu: 7
   - juu ya tundu la jicho: 6
   - chini ya tundu la jicho: 7
   - upinde wa mfupa wa shavu, pembeni kabisa: 6
   - pembe ya taya: 10
   - katikati ya bapa la taya, mbele ya sikio: 17.5
   - juu ya gego la pili la juu: 26

   Kata kila kigingi kwa wembe, kipime kwa vernia, kiandike namba, ndipo ukibandike. Kisimame wima kwa mfupa wa pale kilipo, si wima kwa meza. Kikilala kidogo, nyama inapungua bila wewe kujua. Kile cha milimita 26 huwatia watu mashaka, wakadhani wamesoma vibaya, wakakipunguza. Kiache. Shavu ni nene kweli pale. Jibane kwa vidole viwili ujionee.

5. Weka macho. Mpira ukae ndani ya tundu, ukisogea kidogo juu na nje kuliko katikati kamili. Vitabu vya zamani vilitaka jicho liguse tu mstari unaounganisha ukingo wa juu na wa chini wa tundu. Vipimo vya watu walio hai vimeonyesha kwamba jicho hutokeza zaidi ya hapo kwa karibu milimita 4. Ukifuata kanuni ya zamani unapata macho yaliyodidimia kama ya mgonjwa. Kona ya nje ya kope hushikiliwa karibu na kijivimbe kidogo ndani ya ukingo wa nje wa tundu, kama milimita 10 chini ya kiungo cha mifupa kilichopo hapo. Kijivimbe hicho kitafute kwa ncha ya kidole. Mara nyingi utakigusa kabla hujakiona.

6. Jenga misuli. Wamarekani wengi huruka hatua hii na kujaza kati ya vigingi moja kwa moja. Warusi, kuanzia kwa Mikhail Gerasimov, walijenga misuli. Wachongaji wa Manchester wameunganisha njia zote mbili, na ndiyo tunayoipendekeza, kwa kuwa misuli inakuzuia kubuni. Anza na msuli wa panja: umetandaa kama ungo ubavuni mwa kichwa na kupita chini ya upinde wa shavu. Fuata msuli wa kutafunia, kutoka upinde huo hadi pembe ya taya. Kaza meno yako, weka kiganja shavuni, utausikia. Mfupa wenye mikwaruzo mirefu pale msuli unaposhika unaonyesha msuli mkubwa. Malizia na misuli ya duara kuzunguka macho na mdomo. Kigingi kisifunikwe kamwe. Ncha yake ibaki ikionekana.

7. Jenga pua. Pima upana wa tundu la pua mahali papana zaidi. Upana huo ni takriban tatu ya tano ya upana wa pua nzima, kwa hiyo tundu la milimita 27 linakupa pua ya milimita 45. Kwa urefu wa kutokeza, chora mistari miwili kwenye picha ya pembeni: mmoja ufuate theluthi ya mwisho ya mfupa wa pua kwenda chini, mwingine ufuate uelekeo wa kile kijimfupa chenye ncha. Inapokutana ndipo ilipo ncha ya pua. Ipo pia kanuni ya kuzidisha urefu wa kijimfupa mara tatu, lakini tumeiacha, kwa sababu kijimfupa huvunjika kirahisi na kosa la milimita moja linakuwa tatu. Kama mfupa wa pua umepinda kushoto, pua ipinde. Wachongaji wengi hunyoosha kwa mazoea, wakiwa wamefuta alama pekee ambayo mama mzazi angeitambua.

8. Jenga mdomo. Pembe za mdomo ziko chini ya kingo za ndani za mboni za macho. Hakiki kwa njia ya pili: upana wa nje kati ya chonge mbili za juu ni kama asilimia 75 ya upana wa mdomo, yaani milimita 39 zinakupa mdomo wa 52. Njia zikitofautiana kwa zaidi ya milimita 5, rudi kwenye macho; kosa kwa kawaida liko huko. Mstari wa midomo kukutana upite kwenye theluthi ya chini ya meno ya mbele ya juu. Unene wa midomo ni makadirio dhaifu, usiung'ang'anie.

   Kama meno yana alama, acha mdomo wazi kidogo. Mwanya, jino lililopandana, chonge iliyovunjika: watu husahau umbo la kidevu cha jirani, ila mwanya wake wanaukumbuka. Meno yenye madoa ya kahawia ya tangu utotoni yaandikwe pia. Mtu wa namna hiyo huenda alikulia kwenye maji yenye floridi nyingi, kama sehemu za Arusha na Kilimanjaro, hata kama mwili umepatikana Chimala.

9. Jaza ngozi. Sukuma plastisini kwa chupa, kata vipande vyembamba, unganisha kigingi kwa kigingi kama anayejenga fremu ya dirisha, kisha jaza katikati. Ncha ya kigingi iwe usawa na uso wa udongo.

10. Masikio. Fuvu halisemi mengi kuhusu sikio. Weka sikio la kawaida na usilipambe.

11. Umri na nywele. Mikunjo uiweke kwa kadiri ya umri wa ripoti, na kwa mkono mwepesi. Nywele usizijaze kwa kubuni. Kama zilikutwa na mwili, fuata zilivyo. Kama hazikukutwa, tengeneza picha mbili au tatu: kipara au nywele fupi, kwa mwanamke ongeza ya kilemba na ya nywele zilizosukwa.

12. Piga picha na kabidhi. Picha iwe nyeusi na nyeupe, kwa sababu fuvu halijui rangi ya ngozi. Mwanga mmoja laini kutoka juu pembeni, na mandhari ya kijivu. Tangazo hutolewa na polisi, siyo wewe, lakini unaweza kushauri libandikwe wapi. Kwa ukanda huu wafu wasiojulikana wanaweza kuwa wasafiri: barabara ya TANZAM na reli ya TAZARA hupitisha watu wa Zambia na Kongo, na Kasumulu hupitisha wa Malawi. Stendi za Nane Nane, Makambako na Tunduma zina macho mengi kuliko ubao wa matangazo wa ofisi yoyote.

Kama huna fuvu la kuchongea wala pesa ya plastisini

Anza na mchoro. Picha za fuvu lenye vigingi, mbele na pembeni, zichapishwe kwa ukubwa halisi. Hakikisha kwa kupima rula iliyomo kwenye picha. Tandika karatasi ya kunakili inayopitisha mwanga, unganisha ncha za vigingi kwa penseli, fuata kanuni zilezile za macho, pua na mdomo. Karen T. Taylor wa Marekani ndiye aliyeieneza njia hii. Ni ya haraka, na makosa hufutika kwa raba.

Yanayoharibika na namna ya kuyatengeneza

*Plastisini ni ngumu kama jiwe.* Juni na Julai, Mbeya na Njombe, hilo ni la kawaida. Ifunge kwenye mfuko wa nailoni, iloweke kwenye maji ya vuguvugu kwa dakika 15. Usiiweke jikoni, ikiyeyuka inatoa mafuta na kupoteza mshiko.

*Pua imelegea baada ya kusafirishwa.* Kichwa kilichochongwa kwenye baridi ya Uyole kikishushwa Kyela kwenye joto, hulegea. Peleka picha, kichwa kibaki.

*Vigingi vinasogea unapobandika udongo.* Vanishi haikukauka, au gundi iliwekwa juu ya vumbi la msasa. Futa, kausha siku nzima, bandika upya.

*Macho yanatazama pande mbili.* Simama mita mbili mbele ya kichwa na ukitazame kupitia kioo. Kosa ambalo jicho lako limelizoea kwa siku tatu litaonekana papo hapo.

*Kichwa hiki kinafanana na kile ulichochonga mara ya mwisho.* Unachonga mazoea ya mkono. Linganisha picha ya fuvu na picha ya udongo, pembe ileile, sehemu kwa sehemu. Kila mahali usipoweza kuonyesha kigingi, mfupa au kanuni iliyokuongoza, pakwangue uanze tena.

*Kinafanana na mjomba wako.* Dawa ni hiyohiyo.

*Amekuwa mzuri mno.* Hili huwapata wachongaji wenye kipaji kuliko wengine. Sehemu za kupunguza ni midomo iliyonakshiwa, nyusi za kuchora na tabasamu. Lainisha kila ambacho fuvu halikukiambia, ili mtazamaji ajazie mwenyewe kwa kumbukumbu yake.

Baada ya kukabidhi picha, kichwa cha udongo usikibomoe mpaka aliyekupa kazi akuandikie kwamba hakihitajiki tena. Ukisharuhusiwa, kwangua plastisini, chuja vipande vya vijiti, ihifadhi kwenye ndoo yenye kifuniko. Nakala ya fuvu irudi kwa aliyekupa, pamoja na orodha ya vigingi na vipimo vyake.